Kisamvu Kisichotiwa Magadi

Mwantum Mgeni hakuwa mtu wa kunyamaza. Chang'ombe nzima, hapa Dodoma, ilimjua hivyo. Mzee Batholomeo, mwenye nyumba wake, aliwahi kuja kulalamika kwamba moshi wa kuni unamchafulia ukuta wake mpya. Alitimuliwa mpaka barabarani na mwiko wenye ugali wa moto, kandambili moja akaiacha uani. Sokoni Majengo, wauza mboga wakimwona kwa mbali walikuwa wanayaondoa wenyewe mafungu yaliyolala jana, maana akiyakuta atayatangaza soko zima kama mpiga debe wa stendi. Miaka ishirini na saba, darasa la saba, mdomo wa watu wawili.

Ndiyo maana Jumatano ile watu walitakiwa kushtuka mapema. Mwantum kashinda kutwa nzima hajamtukana mtu.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka tisini na tatu, ule upepo wa Dodoma unapiga vumbi mpaka kwenye meno. Alfajiri, baada tu ya swala, dirisha likagongwa. Alikuwa Anuari, dereva wa lori. Abbasi, mume wa Mwantum, alikuwa fundi wa mabasi mpaka shirika lao lilipofunga milango na mafundi wakaambiwa kila mtu aangalie ustaarabu wake. Tangu hapo akawa utingo wa Anuari: kupeleka alizeti Arusha, kurudi na mitumba. Siku kumi njiani, siku mbili nyumbani.

Anuari mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni. Mkono wa pili ulishika mfuko wa rambo.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Lori limeanguka juzi. Ule mteremko kabla ya Kolo. Breki zilikataa." Akamnyooshea mfuko. "Abbasi alikuwa juu, kwenye mzigo."

"Yuko hospitali gani?"

Anuari akatikisa kichwa. "Tumemzika jana, shemeji. Hapo hapo Kolo. Waislamu wa pale wametusaidia sana, wamemwosha vizuri, wamemsalia. Gari la kumleta lilikosekana, na jua lile..."

Mwantum akachungulia mfuko. Mlikuwa na katambuga za Abbasi, zile za tairi, mkanda wa kushoto umeungwa kwa waya wa bluu. Akasubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda kitu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi neno.

"Nakwenda Mpwapwa kumchukua kaka yake, Swalihu," Anuari akasema. "Tukipata gari tutakuwa hapa alasiri. Wewe waambie majirani watandike mikeka. Usikae peke yako."

"Haya."

"Umenisikia, shemeji?"

"Nimesikia. Nenda, utakosa basi."

Akaingia ndani, akasukuma mfuko uvunguni, akakaa kitandani. Yanayofuata aliyajua kama njia ya bombani, amepika kwenye misiba ya watu tangu ana miaka kumi na minne. Ukitamka tu kwamba fulani amekufa, kilio kinaanza na jiko linazimwa. Siku tatu nyumba ya msiba haiwashi moto, wanapika majirani. Halafu eda, miezi minne na siku kumi hutoki, wewe si mke wa mtu tena, ni kizuka, soko utalisikia kwa kusimuliwa. Kwa sheria alikuwa kizuka tangu juzi, na hilo alilijua vizuri. Lakini jiko lake lilikuwa halijaambiwa. Jiko likiwaka, hii bado ni nyumba ya Abbasi, na Abbasi yuko njiani na mitumba.

Hakukaa kupanga. Alichukua kikapu akaenda sokoni.

Pale kwenye nyumba ya Batholomeo wapangaji watatu walikuwa wanakula sufuria moja mchana. Dada Restuta, Mgogo wa Bahi, muuza karanga stendi, alitoa unga na kusonga ugali. Sabiha, binti wa miaka kumi na tisa mwenye cherehani barazani, alitoa mafuta, chumvi na umbea. Mboga ilikuwa ya Mwantum, kuanzia kununua mpaka kupakua, na mkono wake hakuna aliyeubishia. Mchicha wake hauchuji maji. Mchunga wake hauna uchungu, na ukimuuliza anafanyaje anakwambia muulize mama yako. Na Jumatano ilikuwa siku ya mlenda, kwa heshima ya Restuta, ambaye bila mlenda anasema ugali unamkaba kama deni. Mlenda ni mboga ya dakika kumi. Maji yachemke, utupie unga wa majani makavu, karanga, upekeche, kwisha.

Mwantum alipita kwenye mafungu ya mlenda kama hayaoni. Akasimama kwa muuza kisamvu. Kisamvu chenyewe cha kiangazi, majani mazee, magumu kama karatasi ya mfuko wa saruji.

"Dada, hiki hakikufai wewe," muuzaji akasema, anamwogopa. "Kitakupotezea siku nzima."

"Weka vyote," Mwantum akasema. Hakuomba hata nyongeza. Muuzaji akabaki anamtazama mgongo mpaka alipopotea.

Saa tatu moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga. Alichambua jani moja moja, akatoa vijiti hata vile ambavyo mchi ungevimaliza wenyewe. Akatwanga. Kinu kililia uani mpaka Sabiha akasimamisha cherehani.

"Dada Mwantum, leo si Jumatano?"

"Jumatano."

"Na hicho si kisamvu?"

"Kisamvu."

Sabiha akangoja tusi. Halikuja. Akarudisha mguu kwenye cherehani taratibu, kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo.

Kisamvu kikaingia kwenye sufuria, maji yakajazwa mpaka ukingoni. Mwantum akakaa kwenye kigoda. Maji yakipungua, anaongeza. Kuni ikiisha, anasogeza nyingine. Kichwani hamkuwa na kitu. Alikuwa anaangalia povu la kijani linavyopanda na kushuka, na mara moja akajikuta anakumbuka kwamba Abbasi hapendi kisamvu chenye vijiti, akainama akavitafuta kwa mwiko. Hakukuwa na kijiti hata kimoja.

Saa saba Restuta akaingia na ungo wake kichwani.

"Wapagazi hamjambo!" akapiga kelele tangu mlangoni. Babu yake Mwantum alikuja Dodoma na msafara kutoka Unyamwezi, amebeba mizigo ya watu, na Restuta hakuwa tayari kuacha utani huo mpaka afe. "Nimesikia harufu ya msitu. Mlenda wangu uko wapi?"

"Leo kisamvu," Sabiha akasema upesi.

"Kisamvu! Saa saba hii ndiyo kwanza kinachemka? Mtani, umechoka kuolewa na tumbo langu?" Akainama juu ya sufuria, akachota kwa mwiko, akatafuna, akatema. "Hiki kisamvu au mkeka? Babu zako walibeba meno ya tembo, hiki wangekishindwa." Akafungua pindo la kanga, akatoa bonge la magadi. Restuta alitembea na magadi kama wengine wanavyotembea na ugoro. "Tia haya. Nusu saa tu, kitalainika kama mlenda."

"Situmii magadi."

"Tangu lini?"

"Leo situmii."

Siku zote Mwantum alikuwa anamwambia Restuta kwamba kwa magadi yale mlenda wake unaweza kufulia shuka. Leo kasema maneno mawili, kaongeza maji. Restuta akamtazama pembeni. Akakaa kwenye gogo, akaanza kumenya karanga za mboga.

"Stendi leo hakusemeki," akasema, kwa Sabiha zaidi. "Wa basi la Kondoa wanasema kuna lori limelala kule Kolo. Limebinuka lote, mizigo mpaka bondeni."

Cherehani ikanyamaza. "Si ndiyo njia ya shemeji Abbasi hiyo?"

Upepo ukazungusha moshi, ukaupeleka wote usoni kwa Mwantum. Hakufumba macho wala hakusogea.

"Malori mengi," akasema.

"Ni kweli," Sabiha akasema. "Mengi sana siku hizi. Kila mwenye duka ananunua lori."

Restuta akaendelea kumenya. Alimaliza karanga, akatafuta kinu kidogo cha kutwangia hakukiona.

"Kiko wapi?"

"Ndani. Uvunguni."

Neno lilikuwa limeshatoka. Mwantum alilisikia likitoka mdomoni mwake mwenyewe na hakulikimbilia. Restuta akaingia chumbani. Alikaa huko muda wa mtu kutafuta kinu mara tatu. Waya wa bluu wa katambuga zile aliujua. Ni yeye aliyemcheka Abbasi juzi juzi tu, kwamba fundi mzima wa mabasi anaunga kiatu kwa waya wa redio.

Akatoka na kinu, amekishika kwa mikono miwili. Macho yake na ya Mwantum yakakutana juu ya moshi. Mwantum akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Bonge la magadi lilikuwa bado kwenye gogo. Restuta akaliokota, akalifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. Halafu akachukua kuni nene kuliko zote, akaisukuma ndani ya moto.

"Ongeza maji," akasema. "Bado sana hiki."

"Jamani!" Sabiha akalalamika. "Saa nane hii! Mnataka nizimie kwenye cherehani? Dada Restuta, mwambie na wewe!"

"Kula karanga unyamaze. Kisamvu hakikimbizwi."

"Si wewe uliyekuwa unataka magadi sasa hivi?"

"Nimebadili dini."

Wakakaa wawili, kila mtu upande wake wa sufuria. Mmoja anaongeza maji, mwingine kuni. Restuta akatwanga karanga polepole, punje kwa punje, mpaka Sabiha akaapa kwamba atahamia kwa mama lishe. Mara moja Restuta akauliza, bila kuinua uso, "Mpaka saa ngapi?" Mwantum akajibu, "Alasiri." Basi. Kuku wa Batholomeo akaja akapekua maganda ya karanga, akaondoka.

Kisamvu kilikuwa kimeiva tangu saa nane na nusu. Mwantum alijua, mkono wake haudanganyiki. Kilikuwa kimelainika mpaka kinapanda mwiko na kuteleza. Akatia karanga saa tisa kasoro, chumvi, mafuta kidogo, na bado akakiacha kinatokota pembeni. Restuta akainjika ugali kwenye jiko lake la mkaa.

Mwadhini alipoanza msikitini, Mwantum akanyanyua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kimeiva," akasema. "Kaeni tule."

Wakala kwenye sinia moja, chini, mgongo kwa upepo. Kilikuwa kisamvu cha ajabu. Sabiha aliyekuwa analalamika kutwa hakufungua mdomo ila kwa tonge, na mwisho akapitisha kidole kwenye bakuli.

"Dada Mwantum, nakusamehe," akasema. "Shemeji akija mpikie hiki hiki."

Mwantum alikuwa anatafuna. Alijua chumvi iko sawa na karanga ziko sawa, alijua kama unavyojua njia gizani, lakini ulimi ulikuwa wa mtu mwingine. Akameza. Akachukua tonge jingine, akameza na hilo.

Mlango wa ua ukalia. Anuari akaingia na kitambaa chake shingoni, na nyuma yake Swalihu, mrefu, vumbi tupu, kofia mkononi. Wakasimama. Walitegemea kukuta mikeka na kilio, wamekuta wanawake watatu na sinia, moto unawaka, harufu ya karanga uani.

Mwantum akanawa. Akaenda kwenye mafiga, akavuta kuni ya kwanza akaichomeka kichwa kwenye mchanga. Akavuta ya pili. Ile nene ya Restuta ilikuwa imebaki nusu, akaivuta kwa mikono miwili. Akachukua kopo la maji ambayo kutwa nzima alikuwa anayatia kwenye sufuria, akayamwaga kwenye majivu. Mvuke ukapanda, ukamzunguka, ukaisha.

"Sabiha," akasema, "tandika mikeka. Abbasi amekufa. Amezikwa jana Kolo."

Sabiha akapiga ukelele mmoja, nyumba za jirani zikaanza kufunguka milango. Swalihu akakaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi, kofia usoni. Wanawake wakawa wanaingia na kanga zao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamkumbatia Mwantum, na Mwantum anakumbatiwa, mikono inaning'inia.

Restuta hakulia. Alikusanya kuni zilizozimwa, akazifunga kwa kamba, akazibeba mpaka mlangoni kwake. Akarudi akachukua sufuria. Akachuchumaa mbele ya Mwantum, ambaye walikuwa wameshamkalisha kwenye mkeka, ukutani.

"Mpagazi," akasema kwa sauti ya chini. "Siku tatu napika mimi. Na hizo nyingine, sokoni nitakwenda mimi. Wataniuzia takataka, utakula takataka. Kesho mlenda. Utakula utake usitake."

Mwantum akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama anamtafuta kwenye umati. Mwanamke aliyekaa pembeni alikuwa anamsugua mgongo, Mwantum wala hakuwa anausikia mkono ule.

"Usizidishe magadi," akasema.