Rafiki za Ayubu

Kamusi yangu ya Kiingereza ya shuleni bado inanuka moshi. Nimeikuta leo palepale bibi alipokuwa akiiweka, kwenye dari ya jikoni juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Kwetu Tukuyu mvua haikatiki, na kitabu kikikaa chumbani huota ukungu.

Siku moja, enzi hizo za shule, nilisahau kuanua maharage, yakalowa yote. Bibi alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, akanisema kuanzia maharage hadi ukaidi wa mama yangu alipokuwa mdogo. Nilijifanya nasoma kamusi, nikaangukia neno jobation.

"Bibi," nikamwambia kwa kiburi cha kidato cha pili, "Wazungu wana neno la kumsema mtu mpaka achoke. Limetokana na Ayubu, wao humwita Job, kwa ajili ya wale rafiki zake waliomkuta kwenye majivu wakaanza kumhesabia makosa."

Kisu kikasimama. Biblia aliijua kuliko mimi nilivyoijua kamusi.

"Walimsema sana, ni kweli," alijibu taratibu. "Ila walifunga safari wakaja, mjukuu wangu. Wakakaa naye chini siku saba ndipo wakafungua mdomo."

Akaendelea kumenya. Hakunisema tena jioni ile.

Alipougua nilimpigia simu kila Jumapili kutoka Dar, nikimgombeza kwa nini hali chakula, kwa nini hamalizi dawa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Sikuja mpaka nilipoitwa kuzika.