Nesi wa Mkanda wa Presha

Nesi wa kliniki yetu ya sukari husugua viganja vyake mpaka vipate moto ndipo amguse mgonjwa. Hukunja mkono wa shati langu taratibu, kama anayekunja nguo za mtoto, kisha huvuta mkanda wa presha na kuuliza, “Umebana?” Hata kama umebana, mimi husema bado, ili aurekebishe tena. Jana alinifunga mashine ya kwenda nayo nyumbani, inayopima yenyewe mchana na usiku. Leo asubuhi ameivua na kusoma majibu huku akiuma kifuniko cha kalamu.

“Mchana uko sawa, kaka. Usiku presha za wenzako hushuka, yako imegoma. Na sukari imeshazigusa figo zako, sasa zitapumzika saa ngapi? Usiku unawaza nini?”

Nikatazama viatu vyangu. “Na yako, sista, inashuka?”

Akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. “Yangu? Nani wa kunifunga mkanda?”

Mkanda ulikuwa mezani kati yetu, bado una joto la mkono wangu. Nilitamani kusugua viganja vyangu kama afanyavyo yeye. Nikavikalia, mpaka akamwita mgonjwa aliyefuata.