Spana ya Ishirini na Mbili

Baba hakulia mama alipokufa, na ziwa lilipopanda hadi uani kwetu Kavimvira hakushtuka. Alikaa kwenye kiti chake akiutazama ukuta wa spana. Nilikuwa na hasira naye, ila hata hasira yenyewe ilikuwa imechoka.

Ngendakumana, ndilo jina lake, alitengeneza mashine za pamba mpaka kiwanda kikafungwa. Tangu hapo akawa anakusanya spana za zamani za milimita, zile nzito zenye namba iliyogongwa kwenye chuma, ambazo wenzake walizitupa. Mjini wanaziita kle. Zilianzia ya sita hadi ya thelathini na mbili, kila moja na msumari wake, kila moja imezungushiwa mstari wa rangi nyeupe ukutani. Mgeni akigusa moja, anatolewa nje. Mama alikuwa akisema ameolewa na garaji.

Mstari mmoja ulikuwa mtupu, wa ishirini na mbili. Mama alikuwa amemwazima spana hiyo Osée, fundi wa kinu cha kusaga kule Runingu, bila kumwuliza mumewe. Baba alimnunia wiki nzima. Siku ya nane mama akaanguka jikoni, na walikuwa hawajasemezana.

Sasa maji yalikuwa yamevuka kizingiti, na ukuta wa nyuma umeanza kupasuka. Kila nilipomwomba ahamie kwangu Katogota, jibu lilikuwa lile lile.

"Weye enda tu, Irankunda. Minye nikitoka hapa, Osée atanirudishia kle yangu wapi?"

Nikapanda pikipiki hadi Runingu. Nilimkuta Osée kinuni, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Aliponiona alivua kofia.

"Kle? Lakini nilirudisha, dada. Siku ya maziko."

Kwetu, kabla jeneza halijafungwa, mkubwa wa familia hutangaza kwamba aliye na kitu cha marehemu amrudishie hapo hapo. Watu wote hukabidhi familia. Osée ni mtu wa kushika neno kama lilivyosemwa.

"Nilimuwekea ndani ya jeneza, chini ya kitambaa, karibu na mukono," alisema. "Ni yeye alinipatia. Ningemupa nani mwingine?"

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi, nikalikosa, nikarudi kwa baba.

Nilimweleza baba bila kuzungusha maneno, maana nguvu za kuzungusha sikuwa nazo. Miguu yake ilikuwa ndani ya maji. Aligeukia mstari mtupu ukutani.

"Iko naye?"

"Iko naye, baba."

"Osée aliipakaa mafuta?"

Sikuwa nimeuliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi haitashika kutu."

Akainuka. Akatandika kitenge cha mama mezani, akaanza kuzishusha spana moja moja na kuzifunga kwa kuzikunjia ndani, kuanzia ndogo. Nilisimama mlangoni nikimsubiri alie, au nilie mimi, lakini hakuna aliyelia. Alipofunga ya ishirini na moja alikunja kitenge mara moja bila kuweka kitu ndani, akakilainisha kwa kiganja, kisha akanyoosha mkono kuichukua ya ishirini na tatu.