Yerusalemu ya Vitengeni

Mwanangu, nakumbuka siku niliyosindikizwa kwenda Yerusalemu nikafika Vitengeni. Kaa hapo usikilize, na usinitolee macho. Ile "Mama, nimemaliza hesabu" yako nimeisikia, na daftari jeupe nimeliona. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeipita kwa miguu yangu.

Ulikuwa na miaka mitatu. Kanisa letu hapa Kisumu Ndogo, Malindi, lilipata nafasi moja ya kuzuru nchi ya Biblia, kura ikaniangukia. Nilivimba kama andazi! Bi Rukia jirani, aliyekwisha kuhiji, akaniazima mkoba wake wa Makka. "Chukua, huu umezoea safari za Mungu." Kina mama wakaandika maombi kwenye vikaratasi nikavichomeke katika ukuta wa Yerusalemu. Mavyaa wangu, yaani nyanyako, aliyekuwa akiumwa presha, akanipa chake kimekunjwa mara nane.

"Kiweke juu kabisa," akasema. "Visikitangulie vya hawa wanaoomba waume."

Wakanipeleka steji kwa matari na vigelegele. Nafika Kilifi, simu ya wakala wa safari: viza imekataliwa.

Mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikayafikiria yale matari, nikawafikiria wale waliosema kura ilipikwa, nikashika njia ya Vitengeni kwa Hawe, nyanya yangu mimi, mzaa baba. Nikajiambia nitakaa siku kumi, kisha nitarudi mtakatifu.

Kina mama wakaanza kwenye simu: picha ziko wapi? Na Ganze, huko huko kwa Hawe, unaijua: mawe, miiba, mbuzi, vumbi. Nikakipiga picha kilima kimoja nikaandika, "Nyika ya Yudea." Amina zikamiminika. Nikamgeukia punda wa Hawe nimfanye wa Bethania, Hawe naye anapita nyuma na mzigo wa kuni.

"Hawe, pisha kidogo, unaharibu picha!"

"Nipishe niende wapi? Si kwangu hapa?" Akautua mzigo. "Na huyo punda nimemlea mwenyewe. Leo umemhamishia kwa nani?"

Nikajifanya sisikii.

Siku ya tatu mavyaa akatuma sauti: "Mkazamwana, karatasi yangu umeiweka?" Nikamjibu, "Nimeiweka, Mama, juu kabisa." Kumbe ndilo neno alilokuwa akilingojea. Jioni akatuma nyingine, furaha tele: "Mungu akubariki! Vidonge nimevitupa chooni. Ombi likishafika kule, dawa za nini tena?"

Nilimpigia papo hapo, nikamsihi atafute dawa nyingine. "Uko mji mtakatifu na imani huna!" akanikaripia, akakata. Nikakifungua kikaratasi. Kiliandikwa hivi: "Bwana, niondolee presha, na mkazamwana wangu umpunguzie mdomo."

Mwanangu, nilikasirika! Kisha nikalia. Kisha nikakasirika tena.

Ndipo nikamweleza Hawe kila kitu. Hakuniita mjinga, ingawa nilistahili. Aliuliza tu, "Akifa, utamzika akiwa anajua uko wapi?"

Alfajiri nikapanda gari la kwanza. Malindi nikapitia duka la dawa nikanunua vidonge vile vile. Nilimkuta mavyaa uani na kina mama wa ushirika na matari yao, kitambaa kakikaza kichwani, macho mekundu, wewe umelala mapajani pake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndege za siku hizi zina mbio!"

"Mama, sikufika. Nilikuwa Vitengeni kwa Hawe."

Hapo matari yalikaa adabu.

"Na ile Nyika ya Yudea?"

"Nyuma ya choo cha Hawe."

"Na punda?"

"Wa Hawe."

Bi Rukia, aliyekuwa akichungulia uani, alicheka mpaka akakaa chini. Mavyaa hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa vidonge na kumrudishia kikaratasi, akaona kimefunguliwa.

"Umekisoma."

"Nimekisoma."

"Niliomba upunguze mdomo. Sikuomba uuongezee uongo." Akachukua maji, akameza kidonge, akanitazama hadi kikashuka. "Haya, warudishie wenzangu maombi yao. Mmoja mmoja, na kila mmoja umwambie ulivyomfanya."

Nikawarudishia. Wawili walinisamehe, mmoja alinisonya, na yule wa kuomba mume hasemi nami mpaka leo. Mavyaa alikaa mwezi mzima bila kuonja chakula changu, na presha yake ilichukua muda kutulia. Hilo ndilo lililoniuma. Viza wanyimwa wengi, wala si dhambi.

Basi shika nasaha hii. Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha kosa ni hivyo hivyo. Tena uongo haumngojei aliyeutunga. Hutangulia kwa yule anayekuamini, ukamtupia dawa zake chooni. Ukiona aibu inakuja, ipokee mlangoni ikiwa bado ndogo. Utachekwa, ndiyo. Kuchekwa hakuui.

Mungu akupe moyo wa kusema "sikufika" siku usiyofika, na akuwekee wazee wa kukusuta ungali mzima nao wangali hai. Amina.