Shuka Jeupe la Ithel Bebb

Kila askofu alipokuja kukagua parokia zetu, wazee wa kanisa waliapa mbele yake, wakaulizwa kama kuna kasoro yoyote, nao wakajibu, "Yote ni mema." Kisha wakaenda kula nyama ya kondoo. Paa likivuja, yote ni mema. Kasisi akilewa, yote ni mema. Hivyo ndivyo watu walioshika Biblia walivyozoea kusema uongo huku kwetu Wales.

Ithel Bebb, fundi wa viatu vya mbao, alichaguliwa mzee wa kanisa la Cwm Hesg mwaka ambao Askofu wetu alikuwa akingoja kuhamishiwa dayosisi nono huko Uingereza. Hii yetu, maskini, ilikuwa ngazi tu ya kupandia. Askofu hakujua Kiwelshi, lugha yetu, na parokia ya Cwm Hesg alimpa mpwa wake, Septimus Thorold, awe kasisi, ambaye naye hakujua hata neno moja. Mama yake Ithel alikufa akisomewa sala asizozielewa. Alimshika mwanawe mkono, akauliza, "Huyu bwana anataka nini?" Hakusema tena.

Siku ya ukaguzi Ithel alijibu kwa Kiwelshi, ingawa Kiingereza cha mnadani alikijua vizuri: "Si yote mema. Hatuna kasisi."

Rhydderch, mzee mwenzake, akamvuta koti. "Nyama inapoa, Ithel! Sema yote mema, twende zetu."

"Nenda kale. Mimi nimeapa."

Askofu akamgeukia mpwa wake. "Huyu ni muumini wako. Anasema nini?"

Uso ukamwiva Septimus. "Ana... anakusalimu, Baba Askofu."

Kanisa zima likaangua kicheko. Karani wake aliyejua Kiwelshi akamtafsiria Askofu, naye hakucheka. Akaamuru Ithel avae shuka jeupe la toba Jumapili, asimame peku mbele ya waumini, akiri kwamba amemsingizia kasisi. Akikataa, atatengwa na kanisa, na akifa hatazikwa kando ya mama yake.

"Utalivaa?" mkewe, Lowri, akamwuliza, akitandua shuka la kitanda chao.

"Nitalivaa. Lakini ulimi ni wangu."

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Septimus akasoma maneno ya toba kwa Kiingereza, akanyamaza ili Ithel ayarudie. Ithel akainua kichwa, akasema kwa Kiwelshi, polepole, kwa sauti ya mtu anayesali:

"Ndugu zangu, sikumsingizia mtu. Mama yangu alikufa bila kasisi, na huyu hapa haelewi hata haya ninayoyasema sasa. Kama ni kweli, semeni Amina."

"Amina!" kanisa likatikisika.

"Amina," akasema Septimus, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akampelekea mjomba wake habari kwamba toba imetimizwa, na Askofu akahamia kwenye unono wake akiamini hivyo.

Wapo wanaosema Ithel alifanyia mzaha mambo matakatifu. Mimi nasema aliyefanya mzaha ni yule aliyegawa kondoo wa Bwana kama posho ya ukoo wake.

Nje ya kanisa Rhydderch alimnong'oneza Lowri, "Shemeji, lifue hilo shuka upesi, lisiwaletee mkosi."

"Silifui," akajibu Lowri, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Lina doa gani?"

Akalikunja, akalirudisha kitandani.