Ukumbi Nilioupanga Wakati wa Eda

Siku baba alipozikwa, kitu nilichokiona kuliko vyote ni kwamba ukumbi wetu umejaa viatu. Ilikuwa masika, na udongo wa mtaa wetu wa Ngarenaro ukishalowa haumwachi mtu. Wanawake waliokuja matangani walivua ndara na viatu vyao ukumbini, kila kimoja na tope lake, wakapita ndani kulia na mama. Nikainama nikaanza kuvipanga viwili viwili, visigino ukutani. Jirani mmoja akanishika bega akaniambia, "Acha hivyo, mwanangu, njoo ulie na wenzio." Machozi sikuwa nayo. Niliendelea na viatu mpaka nikafika mlangoni.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, darasa la nne, enzi zile tunamwimbia Malkia wa Uingereza kila Jumatatu na hatujui anakaa nyumba gani. Nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wawili wa kiume, mmoja darasa la pili, mwingine ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Baba alikuwa mpimaji kwenye ghala la kahawa. Homa ilimchukua kwa siku tano tu.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, hapaki kitu cha kunukia. Basi nani aende bombani? Nani aende sokoni, na nani awaitikie wanaopiga hodi? Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na duka lake Kikatiti, alinitazama mara moja tu, jambo likawa limekwisha.

"Miezi minne si kitu," akasema. "Mama yako akitoka eda, utarudi shule."

Mwalimu wetu naye alikuja kutoa pole. Alikuwa mama wa Kimeru, Mlutheri, aliyeshuka kila siku kutoka mlimani kwa miguu, mkali kiasi kwamba hata wavulana wakubwa walimwogopa. Aliniita pembeni. "Jina lako sitalifuta," akaniambia. "Ukirudi shule itakapofunguliwa baada ya baridi, utafanya mtihani wa darasa la nne pamoja na wenzako. Ukichelewa hapo, sina la kufanya."

Kuanzia siku ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nilitaka kurudi shule kuliko nilivyotaka baba afufuke. Naliandika hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba nilijua harudi. Shule ilikuwa bado inawezekana.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na bati, vyumba viwili huku, kimoja kule, na ukumbi katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Kwa ajili ya eda, shangazi alikata ukumbi kwa pazia la kanga, ili mwanamume akisimama mlangoni asimwone mama akipita. Mbele ya pazia pakabaki nafasi ndogo, na humo ndimo vitu vyote vya nyumba vilipokimbilia: mikoba ya shule, majembe ya shamba la shule, mwavuli wa baba, kandili, kapu la sokoni, ndoo, na viatu vya kila aina. Ukiingia mwenyewe unajikwaa, sembuse mgeni.

Asubuhi ilikuwa balaa. "Mama, jembe langu liko wapi?" "Mama, kibao changu hakipo!" Mama hakuweza kuja mbele ya pazia mlango ukiwa wazi, kwa hiyo alijibu kutoka chumbani kwa sauti ya mtu aliyelia usiku kucha: "Muulizeni dada yenu." Na dada mwenyewe nilikuwa bombani nimepanga foleni. Siku moja mdogo wa mwisho alipeleka juzuu yake ya Kurani shuleni, na alasiri akapeleka kibao cha shule chuoni kwa maalimu. Akachapwa kote kuwili, na serikali na dini.

Alirudi amevimba mikono. Nilimpaka mafuta, na wakati nampaka sikumwonea huruma, nasema kweli, nilikuwa napiga hesabu. Nilijiambia kwamba hawa wakiendelea hivi, hakuna mtu atakayeniruhusu niondoke hapa asubuhi. Lakini wakiweza kutoka wenyewe bila kuniita, nitazuiwa kwa sababu gani? Hesabu hiyo niliiona haina kosa hata moja.

Kesho yake nikaanza. Baba alikuwa ameleta kutoka ghalani masanduku mawili ya mbao, yale yaliyokuja na madebe ya mafuta ya taa. Niliyalaza ubavu, moja juu ya jingine, yakawa rafu. Chini kabisa viatu. Juu yake kandili, kiberiti na kopo la kalamu. Majembe niliyasimamisha nyuma ya mlango, makali yakitazama ukuta.

Misumari ilinipa kazi. Niliokota iliyopinda nikainyoosha kwa jiwe. Ukuta wa udongo haushiki msumari ila ukikuta mti wa ndani, kwa hiyo nilikwenda nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza mpaka sauti ibadilike. Mama akauliza kutoka ndani, "Nani anabisha hodi ukutani?" Nikamwambia ni mimi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu msiba nilipotaka kucheka, lakini kicheko hakikufika mdomoni.

Mikoba yetu ilishonwa na mama kwa nguo ya magunia ya unga, na maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanaonekana, hata ukiisugua vipi. Nilimpa kila mmoja msumari wake kwa kimo chake, na juu ya msumari nikafunga ukanda wa kanga, mwekundu wa mkubwa, wa kijani wa mdogo. Juzuu zilikwenda juu kuliko vyote, kwenye ubao karibu na dari, zimefungwa kitambaa, kwa sababu kitabu cha Mungu hakikai usawa wa viatu. Mdogo alikuwa hafiki. Nikampindulia debe apande, na nikamfundisha aoshe mikono kabla ya kupanda, na arudishe debe akishuka. Hilo la kurudisha debe lilinichukua wiki mbili.

Mkoba wangu niliutundika msumari wa kwanza, karibu kabisa na mlango. Ndani yake mlikuwa na madaftari, rula, na penseli niliyoichonga nikaifunga kwa kipande cha karatasi isivunjike ncha. Kila Jumapili niliupangusa vumbi.

Sheria yangu ilikuwa moja. Wakirudi chuoni, hawali mpaka kila kitu cha kesho kiwe mahali pake. Mkubwa alinung'unika akaniita mkaguzi, akimaanisha yule Mzungu aliyekuja shuleni kutukagua kucha. Nikamwambia mkaguzi huyu anashika pia mwiko wa ugali. Hakuniita tena.

Baridi ikaingia. Mlima Meru ulipotea kwenye ukungu siku nyingi mfululizo, na asubuhi maji ya bombani yaliuma vidole mpaka vikawa kama si vyangu. Watu waliuliza kama nimeshalia. Sikulia. Nilihisi moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, unajua upo lakini huusikii. Furaha pekee niliyokuwa nayo, kama ile ni furaha, ilikuwa kukaa uani nikihesabu kimoyomoyo wadogo zangu wakijiandaa. Mwanzoni nilifika mia sita. Mwezi wa tatu wa eda nilikuwa sifiki mia mbili, mlango umeshafungwa, nao wameshaondoka.

Wiki ya mwisho ya eda shangazi alikuja kukaa nasi. Nilijua amekuja kuamua mambo, maana wajomba na baba wadogo walikuwa mbali na wote walimsikiliza. Asubuhi ya pili nikafanya nilichokuwa nimekipanga tangu siku ya misumari. Nilikaa uani juu ya jiwe la kufulia, mikono mapajani, sifanyi kitu, ili aone kwa macho yake kwamba sihitajiki mlangoni.

Shangazi alisimama ukumbini na kikombe chake cha chai. Mkubwa akashusha mkoba, akachukua jembe. Mdogo akavaa viatu, akaangalia ukanda wa kijani, akachukua wake. "Shikamoo, shangazi," wakasema wote wawili. "Marahaba." Mlango ukafungwa. Hakuna aliyeniita, wala hakuna aliyemwita mama.

Shangazi akaja uani polepole. "Nani amewafundisha?"

"Mimi, shangazi."

Akakaa karibu nami, akashika ncha ya kanga yake, akafuta macho. Shangazi yule sikuwahi kumwona analia hata siku ya maziko ya mdogo wake, na mimi, mjinga wa watu, moyo ukanipanda nikidhani nimeshinda.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja hapa na wasiwasi mwingi. Mama yako ataanza kuuza maandazi, ataondoka alfajiri. Nilikwisha sema na mama mmoja mjane wa kwetu Kikatiti, aje akae nanyi, ili wewe urudi shuleni. Alikuwa aje Jumamosi. Sasa nimlete wa nini? Nyumba hii ina mwenyewe. Umeshakuwa mama, wewe."

"Lakini wanaondoka wenyewe, shangazi. Umewaona."

"Wanaondoka wenyewe kwa sababu wewe upo." Akanipapasa kichwani. "Baba yako angekuona leo."

Nilijipalia makaa kwa mikono yangu. Ningeuacha ukumbi ulivyokuwa, wadogo zangu wakaendelea kupiga kelele na kuchapwa, yule mama wa Kikatiti angekuja Jumamosi na mzigo wake, na shule ikifunguliwa ningekuwa darasani. Nilichukua ndoo nikaenda bombani, na zamu yangu ilipofika nilisimama tu, mpaka mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza kama nimelala. Siku ile nilimchukia shangazi. Amekwisha kufa siku nyingi na simchukii tena, ila kichwani bado nabishana naye.

Mama akatoka eda. Akaoga, akavaa kanga mpya, watu wakasoma dua na kula pilau, na pazia la ukumbini likashushwa. Shangazi akapanda basi la Kikatiti akiwa ameridhika. Mama akaanza maandazi yake, na shule ikafungwa kwa likizo ya baridi. Mkoba wangu uliendelea kuning'inia pale pale, hakuna aliyethubutu kuushusha, na mimi niliendelea kuupangusa.

Siku moja kabla shule haijafunguliwa, mwalimu alikuja. Alisimama ukumbini akitazama rafu, misumari, majembe, akatikisa kichwa taratibu kama anayesoma daftari la mwanafunzi mzuri. Mama akamletea kigoda.

"Mama, nimekuja kumfuata mtoto," mwalimu akasema. "Kesho tunafungua."

Mama alikuwa na unga mikononi. Aliitazama mikono yake muda mrefu. "Mwalimu, mimi sina neno," akasema. "Muulize mwenyewe."

Mwalimu akanigeukia. "Haya. Unataka kurudi?"

Neno lilikuwa tayari, nimelibeba zaidi ya miezi minne. Lakini nilikwisha kataliwa na shangazi, na nikafikiri nikisema ndiyo, mama atalazimika kunikatalia yeye mwenyewe, hapo hapo, mbele ya mgeni. Sikutaka kulisikia tena likitoka kwake. Ganzi ile ilikuwa imenisaidia mpaka pale, nikaiachia ijibu.

"Sitaki, mwalimu."

"Hutaki?"

"Sitaki."

Alimtazama mama. Mama alikuwa ameinama. Mwalimu akanyanyuka, akasema haya basi, akatuaga kwa heshima, akaenda zake. Nilimfungia mlango.

Zaidi ya hayo sina la kusimulia kuhusu shule. Wadogo zangu walisoma, mmoja akawa karani, mwingine mwalimu. Mimi niliolewa, nikazaa, nikazeeka kidogo kidogo kama watu wote. Mama alipochoka nilimchukua akae kwangu, na kila Ijumaa nilimsuka nywele zake, nyeupe, chache, laini.

Ijumaa moja, bila kitu chochote cha kulileta neno lile, akaniuliza, "Hivi siku ile mwalimu alipokuja, kwa nini ulisema hutaki?"

Nikasimamisha mkono.

"Mimi nilikuwa nangoja useme ndiyo," akasema. "Ungesema ndiyo tu. Shangazi yako ningemalizana naye mimi."

Nikamwambia ainamishe kichwa, nimalize upande wa pili.