Vigae Vyeupe vya Mama Mkwe

Mama mkwe alipotuma salamu kwamba atatoka Kombewa kuja kutuona, nilionea haya vigae vya kijani vya bafu letu. Nilivigonga kwa nyundo na patasi, lakini vilikuwa vimeshika kama vimezaliwa na ukuta. Basi nikapaka simiti juu yake, vikiteleza hivyo hivyo, nikabandika vyeupe.

Mezani nilijisifu bila kuulizwa. Hata leo sijui kwa nini.

"Mama, ukuta wa zamani niliubomoa wote kwa mikono hii."

Alinishukuru, akaenda kunawa. Tukasikia kishindo, kisha kingine. Mke wangu aliinamia sahani yake.

Mama alirudi na kigae cheupe mkononi, akakiweka mbele yangu polepole.

"Baba Achieng," akasema, "ule ukuta ulioubomoa umerudi."